Maswali ya Wasomaji: Viini 14 au Viini 8?

SWALI: Naunda kompyuta ya mezani ya kuhariri video, pamoja na michezo kidogo. Prosesa ya Intel Core i5-14600K ina viini (sehemu zinazofanya kazi za hesabu) 14, Ryzen 7 7700 ya AMD ina 8, na dukani bei zimekaribiana. Kwa nini nisichukue Intel?

JIBU: Usihesabu viini kabla ya kujua ni vya aina gani. Katika 14600K, 6 ni vikubwa, kila kimoja kikiendesha nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi kwa pamoja. 8 ni vidogo vya kubana umeme, vyenye uzi mmoja mmoja. Jumla nyuzi 20. AMD imeshika njia nyingine: viini vyote 8 vya 7700 vinalingana, nyuzi 16. Ukichukua Intel, weka Windows 11, kwa kuwa ndiyo inayofuata ishara za prosesa kujua kazi ipi iende kwenye kiini kipi.

Kinachoamua zaidi ni kamera yako. Ikiwa inarekodi HEVC (muundo wa kubana video) ya 4:2:2 biti 10, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, chukua Intel bila kusita. Quick Sync, sehemu yake ya video, hufungua faili hizo yenyewe. Sehemu ya michoro ya 7700 haiwezi, hivyo viini hubeba mzigo wote na picha hukwamakwama wakati wa kuhariri. Epuka 14600KF: ile F maana yake haina sehemu hiyo.

Ujue pia gharama zake. 14600K hupanda hadi wati 181 na haiji na feni. Tena sasisha BIOS, programu ya ubao mama inayowasha kompyuta, mapema: vizazi vya 13 na 14 vya Intel vilikuwa na kasoro ya volteji iliyochakaza chipu, na kirekebisho 0x12B kilitolewa Septemba 2024. Hakiponyi chipu iliyokwisha kuharibika, kwa hiyo ya mtumba mimi nisingenunua.

Kama video zako ni za simu, za 4:2:0 (zenye taarifa chache zaidi za rangi), basi 7700 inatosha kabisa. Inaishia takriban wati 88, ina feni ndani ya boksi, na soketi yake ya AM5 (tundu la prosesa kwenye ubao mama) inapokea pia prosesa mpya zaidi za Ryzen 9000. Soketi ya 14600K, LGA1700, imefika mwisho; prosesa mpya zaidi za Intel, Core Ultra 200S, zinadai LGA1851.

AM5 hutumia RAM ya DDR5 pekee. Chomeka vijiti viwili, tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Vinne hushusha kasi. Ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa RAM ikipimwa. Usizime.