Altezza yenye 1JZ: anza na kadi
Mkuu, umeuliza ukague nini kabla ya kununua hiyo Toyota Altezza iliyotolewa injini yake ya 3S ikafungwa injini ya 1JZ ya turbo, mimi ningeanza na kadi ya gari kabla hata ya kufungua boneti, namba ya injini ilingane na iliyoandikwa, zikipishana muuzaji akarekebishe TRA kwanza ndo mzungumze bei. Halafu nenda asubuhi iwashwe ikiwa ya baridi kabisa, usikubali kukuta ameshaipasha, angalia moshi wa bluu na uikague waringi yote maana gari nyingi za kubadilishwa injini zinasumbua hapo kuliko injini yenyewe. Gia boksi ni ile ile yake ya gia sita? Haihimili nguvu za turbo, tenga hela ya gia boksi ngumu zaidi, ile ya R154. Ila kama ndo gari yako pekee ya kwendea kazini, iache mkuu.