Moto wako haujazimika

Swali: Shikamoo Mzee wa Maabara. Mimi ni kijana wa miaka 19, napenda sana kemia na nina meza ya majaribio chumbani kwangu. Sina kichomeo cha Bunsen, kile cha gesi cha maabara, kwa hiyo nimejitengenezea changu kwa bomba la shaba. Maungio nimeyalehemu kwa risasi, na mpira wa kawaida niliokuwa nao nimeuunganisha hadi kwenye koki ya mtungi mdogo wa gesi. Kinawaka vizuri. Tatizo ni dogo tu: nikipunguza gesi nasikia “pu!”, moto wa juu unapotea, kisha bomba linavuma na kupata moto. Nifanyeje ili usizimike? – *Mpenda Kemia*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshasimama.

Moto wako hauzimiki. Umeshuka ndani ya bomba na unaendelea kuwaka kule chini, kwenye kitundu kinachotoa gesi. Huo mvumo unaousikia ndio wenyewe. Kama kifaa bado kimeungwa, acha kusoma, kafunge koki ya mtungi kwanza.

Haya, sasa tuongee. Ndani ya kichomeo gesi hutoka kwa kasi kwenye kitundu, huvuta hewa ya pembeni, vikapanda pamoja. Mchanganyiko huo tayari unaweza kuwaka. Kinachouzuia moto kuufuata chini ni mwendo wa gesi inayopanda. Moto wa gesi ya mtungi hutembea ndani ya mchanganyiko wake kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde. Ukipunguza gesi hadi ikapanda polepole kuliko hapo, moto unashinda na kuteremka. Hata vichomeo vya maabara hufanya hivyo mara mojamoja. Tunafunga gesi, tunaacha kipoe, tunapunguza hewa, tunawasha upya. Wewe umelehemu kwa risasi. Ile ya kuungia waya za redio huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi, na moto uliouingiza ndani unapita nyuzi 1,500.

Najua kwa sababu nilikuwa na umri kama wako nilipotengeneza cha kwangu. Jioni moja nilikuwa nimeinama juu ya daftari, likadondoka tone jeupe, linang’aa kama zebaki, likatoboa kurasa tatu. Nikabaki kulishangaa, nikijiuliza limetoka wapi! Sikumaliza kujiuliza: ungio likaachia, mpira ukachomoka, na moto mrefu kama mkono ukawa unapigapiga mezani. Nikaudaka mpira, upumbavu mtupu. Kiganja cha kushoto mpaka leo kina sehemu nyororo isiyo na mistari. Aliyeniokoa ni mwenzangu, aliyekuwa amekaa karibu na koki.

Tuje kwenye huo mpira wako. Mpira wa asili na gesi ya mtungi havipatani: gesi inauingia, unavimba, unalainika, baadaye unapasuka. Mpira wa gesi hutengenezwa kwa malighafi nyingine, na huandikwa ubavuni.

Kilichonitisha kuliko yote, lakini, ni kitu ambacho hukukitaja. Regyuleta iko wapi? Propani, moja ya gesi zinazojazwa mtungini, ikiwa kwenye chumba chenye joto la kawaida ina presha kama mara nane ya ile ya hewa inayotuzunguka. Regyuleta ya jikoni huishusha hadi ibaki milibari 30 hivi tu juu ya presha ya hewa. Koki haifanyi kazi hiyo. Koki inabana njia tu. Kitundu chako kikizibwa na masizi, presha ndani ya mpira itapanda mpaka ilingane na ya mtungi, na ungio dhaifu kuliko yote ndilo litakaloachia.

Tena uko chumbani. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani, gesi nyingine ya mitungi, karibu mara mbili. Ikivuja haipandi dirishani. Inateremka sakafuni, inaingia uvunguni mwa kitanda, na huko inasubiri cheche. Ikifika sehemu mbili tu katika mia ya hewa, inatosha kuwaka. Usiitegemee pua: harufu ile imetiwa makusudi, lakini pua ikikaa nayo inaizoea.

Najua utaniambia Bunsen naye alianza hivyo hivyo. Hapana. Mwaka 1855 kule Heidelberg, Ujerumani, mwanakemia Robert Bunsen alikuwa na wazo, na kazi ya kukitengeneza kifaa akamwachia fundi wa chuo, Peter Desaga. Na gesi yao ilikuwa ya makaa ya mawe, nyepesi kuliko hewa, ikija kwa bomba kwa presha ndogo.

Kwa hiyo sitakufundisha kukirekebisha. Bomba likishapoa, toa mtungi nje, mbali na moto wowote, ukauchomolee huko. Kuchemsha, kukausha chumvi na kukuza fuwele, yaani sehemu kubwa ya raha ya kemia ya nyumbani, vyote vinawezekana kwenye jiko la umeme la sahani. Ukifika mahali unahitaji moto kweli, tafuta kichomeo cha kiwandani kilichoandikwa aina ya gesi yako, kwa maana kitundu cha gesi asilia si cha gesi ya mtungi, pamoja na regyuleta na mpira wake, na ukitumie penye hewa. Bora zaidi, omba nafasi kwenye maabara yenye msimamizi.

Shaba usiitupe. Kata kipande kisicho na risasi, kisugue king’ae, kiweke juu ya sahani ya jiko hilo. Kitageuka rangi ya machungwa, kisha zambarau, kisha kitafifia. Uniandikie kwa nini.

Swali: Mzee, mimi nimeachana na gesi, natumia taa ya spiriti. Niko salama? – *Msomaji wa Kila Toleo*

Jibu: Una nafuu. Taa hizi huumiza watu zaidi wakati wa kujaza. Mwanga wa mchana ukiwa mkali, moto wa spiriti hauonekani vizuri. Mtu anadhani umezimika, anainamisha chupa, mvuke unashika, na moto unarushwa kutoka mdomoni mwa chupa kumwelekea aliyekaa mbele. Zima kwa kifuniko, wala usipulize. Isubiri ipoe, jaza kwa faneli, futa kilichomwagika, kapeleke chupa ya spiriti mbali na meza, ndipo uwashe. Na spiriti yenyewe iwe ethanoli. Methanoli hupofusha.