Matikiti yanadondoka, sabuni inalowa

SWALI: Shikamoo Mzee. Nalima matikiti Pongwe, Tanga. Maua ni tele, lakini vitunda vinageuka njano vikiwa vichanga na kudondoka. Jirani yangu anayelima nyanya hupiga dawa ya wadudu kila asubuhi. La pili, kikundi chetu cha akina mama kinatengeneza sabuni ya mwani, na ikikaa dukani inalowa. Mkufunzi wa ujasiriamali alituambia "tuchavushe mawazo kama nyuki", akaishia hapo. Tufanyeje?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa unavyoeleza, vitunda hivyo havikupata chavua ya kutosha, yaani ule unga wa ua dume ambao nyuki hulipelekea ua jike ili lizae. Ua la tikiti hufunguka asubuhi na kufikia alasiri limekwisha kazi. Jirani akipiga dawa saa hizo, nyuki wanakufa wakiwa kazini. Zungumza naye kwa upole ahamishie dawa jioni, nyuki wakisharudi mzingani.

Wakati huo chavusha mwenyewe, mapema. Ua jike utalijua kwa kijitunda chenye vinyweleo chini yake. Dume lina kikonyo kitupu. Chuma dume lililofunguka, ng'oa petali zake, kisha pakaza ule unga wa njano katikati ya jike. Pale katikati pamegawanyika sehemu tatu, na zote zipate. Ukipaka upande mmoja tu, tikiti linaweza kukua limepinda.

Sasa la mkufunzi. Kazi hii ya mkono ina historia ambayo naipenda sana. Vanila ilitolewa Mexico ikapelekwa kisiwa cha Réunion, ikachanua bila kuzaa, kwa kuwa wadudu wake walibaki kwao. Mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 hivi, alikuwa amefundishwa kuchavusha kwa mkono mimea ya jamii ya matikiti. Akaenda kwenye ua la vanila, akainua kwa kijiti ule utando unaotenga dume na jike, akabana kwa kidole gumba. Likazaa. Mpaka leo vanila nyingi duniani huchavushwa hivyo. Wakubwa wenye mashamba na vitabu walikuwepo. Aliyevumbua njia hiyo ni mtoto aliyebeba ujuzi wa mmea mmoja akaupeleka kwa mwingine.

Kwa hiyo msiendelee kuulizana ninyi kwa ninyi watengeneza sabuni. Nendeni Ngamiani kwa wauza viungo, muulize wanavyohifadhi iliki isivute unyevu na hewa hii yetu ya pwani. Nendeni Muheza kwa wakamua machungwa. Maganda wanayotupa yakikaushwa na kusagwa huenda yakawafaa. Chukueni kipande cha sabuni, wakishike, wakinuse, wawaambie wanaona nini.

Mniandikie mkisharudi kutoka Ngamiani. Nataka kujua wenye iliki wamesema nini.