Godauni la fremu ya chuma limeungua: kipi kibaki, kipi kitupwe

Mkuu mleta uzi, kama nimekuelewa, mabati na papi (vyuma vyembamba vinavyobeba mabati) zimeanguka lakini nguzo na boriti kubwa za paa bado zimesimama. Fundi anasema chuma hakijayeyuka, kipigwe brashi na rangi, mabati mapya yapande. Mdau mwingine hapo juu anasema chuma kilichopita motoni ni chakavu, kiuzwe chote kwa kilo. Wote wamekosea, ila kosa la mdau litakula pesa, la fundi linaweza kula watu.

Chuma cha ujenzi huyeyuka karibu na nyuzi 1500 za Selsiasi na moto wa ghala haufiki huko. Ila si lazima kiyeyuke ndipo kianguke. Kwa jedwali la Eurocode (viwango vya ujenzi vya Ulaya), hadi nyuzi 400 nguvu yake bado ipo yote. Kwenye 500 imebaki asilimia 78, kwenye 600 asilimia 47, kwenye 700 asilimia 23. Uwezo wa kukataa kupinda hushuka mapema zaidi: nyuzi 400 umebaki asilimia 70, nyuzi 600 asilimia 31 tu. Katika moto wa kupimia vifaa maabara, unaofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 834, joto la tanuri hupita nyuzi 840 kwenye dakika ya 30, na boriti nyembamba isiyo na kinga inaweza kukaribia 600 ndani ya dakika 15 hadi 20. Kwa hiyo "hakijayeyuka" haikuambii chochote.

Sasa, hilo jedwali ni la chuma kikiwa cha moto. Kikipoa, vyuma vya I na H vilivyotoka kiwandani kwa kuviringishwa vikiwa moto hurudisha karibu nguvu yote kama havikupita nyuzi 600 hivi. Vilivyopita hupoteza kiasi: kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 5950 sehemu ya 8, kiliruhusu kuhesabu angalau asilimia 90 ya nguvu kwa S275 na asilimia 75 kwa S355 (madaraja ya chuma, S355 ndiyo yenye nguvu zaidi), mradi kipande kimebaki kimenyooka. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni unyoofu. Boriti iliyokuwa na mzigo ikifika kwenye joto baya hupinda yenyewe. Isipopinda, kuna uwezekano mkubwa haikufika huko. Angalizo: kanuni hii haifanyi kazi kwa kipande ambacho hakikuwa na mzigo. Bresi (chuma cha mshazari kinachozuia fremu kuyumba) au nguzo ya ukuta wa mbele inaweza kuwa imepikwa vilivyo na bado ikaonekana imenyooka kama rula.

Kabla hamjafagia chochote, pita na kamera usome majivu. Zinki huyeyuka nyuzi 419, alumini karibu 660, shaba nyekundu 1083. Fremu ya dirisha ya alumini imechuruzika lakini waya wa shaba bado mzima? Hapo joto lilikuwa kati ya hizo mbili. Angalia pia kitu kilikuwa wapi wakati wa moto, siyo kilipookotwa. Juu chini ya paa ndiko joto hukaa. Taa iliyoanguka mapema ikalala sakafuni itakudanganya. Chora ramani ya sakafu, fremu kwa fremu, uandike ulichokiona. Watu wa bima nao wataitaka.

Kisha pima. Timazi kwenye kila nguzo, pande zote mbili, na uzi wa nailoni uliovutwa kutoka mwisho hadi mwisho wa kila boriti. Kwa mkunjo wa kipande chenyewe tumia urefu gawanya kwa 1000: nguzo ya mita 6, ukipata zaidi ya milimita 6 mwite mhandisi ahesabu upya. Linganisha na fremu ambazo moto haukuzifikia, maana godauni nyingi zilisimamishwa zikiwa zimepinda tangu mwanzo. Pitisha rula kwenye mabawa ya I (zile bapa mbili za juu na chini) karibu na viungo. Wimbi dogo pale, hata la milimita chache, maana yake bawa lilishajikunja na kipande hicho kinakatwa.

Penye mashaka, piga kipimo cha ugumu kwa kile kifaa cha mkononi. Saga sehemu ndogo hadi chuma cheupe, piga mara kadhaa, linganisha na kipande kisichoungua cha ukubwa uleule. Namba ya Brinell (kipimo cha ugumu) zidisha kwa 3.4 hivi upate nguvu ya kukatika kwa niutoni kwa milimita ya mraba. S275 inatakiwa ianzie karibu 120 za Brinell. Ikishuka chini ya hapo, mhandisi achague pa kukata sampuli ipelekwe maabara ikavutwe.

Vitu ambavyo havihitaji mjadala ni bolti na papi.

Bolti za 8.8 (namba iko kichwani) zilipata nguvu kiwandani kwa kupashwa, kuzimishwa ghafla, kisha kupashwa tena. Zikipita nyuzi 450 hivi, kazi hiyo inafutika na hairudi zikipoa, na kwa macho bolti ni ileile. Badilisha zote kwenye eneo lililoungua, mimi huongeza na fremu moja kila upande. Toa moja, weka moja, boriti ikiwa na tegemeo. Ukizifungua zote kwa pamoja utaishusha boriti kichwani kwako.

Papi za Z na C za bati nene la milimita 1.5 hadi 2.5 zilikunjwa baridi, na sehemu ya nguvu yake inatokana na huko kukunjwa. Moto unaiondoa. Zote zilizoguswa na moto ni chakavu, pamoja na zile "nzuri" ambazo fundi ameziweka pembeni.

Viungo ndivyo vinavyosahaulika. Boriti ya mita 20 ikipanda nyuzi 600 ingetaka kurefuka karibu sentimita 17. Mwanzoni inasukuma nguzo nje, baadaye inalegea na kuzivuta ndani, halafu ikipoa inafupika na kuvuta tena. Katika majaribio ya kuchoma jengo la chuma huko Cardington, Uingereza, miaka ya 1990, bamba za viungo zilipasuka wakati wa kupoa, moto ukiwa umekwisha. Na WTC 7, ghorofa la New York lililoanguka kwa moto mwaka 2001, kwa uchunguzi wa NIST (taasisi ya viwango ya Marekani), ilianza kuanguka pale boriti za sakafu zilizorefuka zilipousukuma mhimili ukatoka kwenye kikalio chake. Kwa hiyo pulizia rangi ya kupenya ya kutafutia nyufa kwenye weldingi zote za bamba, pale nguzo inapokutana na boriti. Chini, gonga zege linalozunguka bolti za msingi: sauti ya debe tupu au bamba lililonyanyuka upande mmoja linakuambia nguzo iling'oka kidogo.

Kama kuliungua PVC (nyaya, mabomba), osheni chuma chote kwa maji baridi ya bomba na sabuni mapema. Moshi wake huacha asidi ya klorini, na msipoiosha kutu itatoka chini ya rangi mpya.

Kujenga upya: usinunue "rangi ya moto" (ya kukinga chuma na joto) kwa maneno ya muuzaji. Ile inayovimba ikipata joto ina jedwali la unene kulingana na mzingo wa kipande ugawanywe kwa eneo la mkato wake. Kipande chembamba ndicho kinachotaka rangi nene zaidi. Dai jedwali, na upime unene ikikauka. Bajeti ikibana, anza na nguzo zinazoshika ukuta wa upande wa jirani, maana boriti za paa zikilegea zitaivuta nguzo na ukuta utafuata.

Weka picha za viungo vya juu na bamba za msingi, na useme bolti zimeandikwa namba gani. Tuanzie hapo.