Injini ya kati, ya katikati au ya nyuma?

Swali: Mimi ni fundi wa magari hapa Unga Limited, Arusha. Tukizungumzia magari ya mbio ambayo injini yake imekaa nyuma ya viti, vijana ninaowafundisha kazi husema "injini ya nyuma", wengine "injini ya katikati", nami nimezoea "injini ya kati". Lipi ni sahihi?

Jibu: Ndugu fundi, naunga mkono ulivyozoea. "Nyuma" halina kosa la kisarufi. Upungufu wake ni kwamba halisemi nyuma ya nini. Ukipima kwa dereva, injini ya Lamborghini Miura ya mwaka 1966 na ile ya Porsche 911 zote ziko nyuma. Ukipima kwa ekseli, yaani chuma kinachounga gurudumu la kushoto na la kulia, zinaachana kabisa: ya Miura iko mbele ya ekseli ya nyuma, ilhali ya 911 imetokeza nyuma yake. Mkanganyiko huu si wa Waswahili peke yao, kwani Jack Brabham aliponyakua ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1959 akiendesha Cooper, Waingereza wengi waliliita gari lile la injini ya nyuma, ingawa injini yake ilikuwa baina ya ekseli mbili.

Kipimo kinachofaa ni ekseli, kwa sababu mahali uzito ulipo ndipo panapoamua gari litapindaje kona. Mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kwenye ncha za mzega hupata taabu kugeuka ghafla, na akishaanza kugeuka hupata taabu kusimama. Mzigo uleule akiukumbatia kifuani, hugeuka kwa wepesi. Injini iliyo baina ya ekseli ni mzigo wa kifuani, na jina linalomficha msikilizaji jambo hilo linamnyima kiini cha habari.

Sasa "kati" na "katikati". Neno linaporudiwa hivi hukaza maana: katikati ya uwanja ni pale hasa panapolingana umbali na pande zote. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba injini iko katikati ya gari ana haki ya kudhani kwamba imekaa alipokaa dereva, jambo ambalo si kweli kwa Miura. "Kati" halidai usawa huo, bali hutosheka kitu kikiwa baina ya viwili, na ndiyo maana hutumika kutaja aina au kundi, kama tusemavyo tabaka la kati au Reli ya Kati bila mtu yeyote kuchukua futi kamba. Andika basi: "gari lenye injini ya kati", na wingi wake "magari yenye injini za kati".

Pakihitajika ufafanuzi zaidi, ongeza upande. Miura ina injini ya kati nyuma. Honda S2000, ambayo injini yake iko mbele ya dereva lakini nyuma ya ekseli ya mbele, ina injini ya kati mbele. Wapo wanaopendekeza "mhimili" badala ya "ekseli". Ni neno zuri, lakini gereji zetu zina ekseli, na sioni sababu ya kumpokonya fundi neno lake.

Hukuuliza kuhusu mlalo wa injini, lakini hapo ndipo ninapoona vijana wakikosea zaidi. Husema injini "imelazwa" wanapotaka kusema kwamba imepita kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine. Kiswahili kina kitenzi chake: kukingama, kama mti ulioanguka ukakingama barabarani. Injini ya Miura, yenye silinda 12, imekingama nyuma ya viti, na kwa ufinyu wa nafasi giaboksi yake iliunganishwa katika bloku moja na injini. Ile ya Ferrari F40 haikukingama, imefuata urefu wa gari. "Kulazwa" tuliachie injini iliyoinamishwa kweli, kama ya Toyota Estima ya kwanza, ya mwaka 1990, iliyolazwa nyuzi 75 kutoka wima ili ienee chini ya viti vya mbele. Nayo pia, kwa kipimo chetu cha ekseli, ni injini ya kati.