Nikishinda ubishi, kiu ya pombe inarudi

SWALI: Nina miezi saba sijagusa pombe. Kilichobaki ni ubishi. Juzi mke wangu alisema niliahidi kurudi saa 12 jioni. Mimi nakumbuka vizuri nilisema saa 1. Tukavutana mpaka akanyamaza. Nilikuwa sahihi, lakini usiku ule kiu ilinibana kuliko wiki zote. Mshauri wangu anasema niache kutaka kuwa sahihi. Ina maana nikubali hata uongo?

JIBU: Hapana. Kama ulisema saa 1, ulisema saa 1. Unachotakiwa kuacha ni kumbana mwenzako mpaka akiri.

Ulevi hauendi bila hoja: leo kazi ilikuwa nzito, fulani anakunywa kunizidi, sijalewa nimechangamka tu. Aliyezitetea hoja hizo kwa miaka huwa bingwa wa kubisha, na ubingwa hauondoki siku anapoiweka chupa chini. Tena mshindi wa ligi za nyumbani hulala na hasira, peke yake, akijiona kaonewa. Kutoka hapo hadi "nastahili kimoja tu" si mbali. Mtafiti Mmarekani Alan Marlatt, aliyechambua mazingira yanayowarudisha watu kwenye ulevi, aliyataja makundi makuu matatu: hisia mbaya, ugomvi na watu, na shinikizo la wenzao.

Anza na mwili. Ubishi ukipamba moto, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha uzidishe kwa 4. Ukipata zaidi ya 100, nyamaza. Katika hali hiyo humsikii mtu, unasubiri zamu yako tu. Mwili unahitaji walau dakika 20 kutulia. Sema: "Nimepandwa na hasira. Nipe nusu saa, saa 2 na nusu tutaendelea." Kutaja muda ni lazima, maana mke aliyezoea kukuona ukitoka kwa hasira na kurudi umelewa hatajua kwamba safari hii ni tofauti. Katika nusu saa hiyo tembea, oga, kula kama una njaa. Usipange hotuba, ukiipanga, mapigo hayashuki.

Kisha jiulize: nikiliacha hili, kitaharibika nini? Likigusa dawa, fedha, mtoto au usalama wa mtu, lirudie kwa utulivu. La saa 12 na saa 1 halina cha kuharibika. Mwambie: "Mimi nakumbuka saa 1, wewe saa 12. Umenisubiri saa nzima, pole." Kesho yake mwandikie muda kwenye simu, mambo yaishe.

Wengi hukosea hapa: "Haya, wewe ndiye unajua," kisha msonyo. Huo ni ubishi uleule umebadilisha nguo. "Pole, lakini…" nayo haihesabiki.

Kwa mambo ya miaka ya ulevi, ubishi uache kabisa. Pombe nyingi huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu hata mtu akiwa anatembea na kuongea, hivyo kuwa na uhakika si ushahidi. Uliza ilikuwaje, usikilize.

Hatua ya kumi kati ya zile 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaoacha pombe kilichoanza Marekani mwaka 1935, ni kujichunguza kila mara na kukiri kosa mapema. Usiku andika mistari mitatu: nilibishia nini, nilikuwa nalinda nini (mara nyingi ni aibu au hofu), nirekebishe nini kesho. Dakika 10 zinatosha, na makosa ya mke wako hayaingii kwenye daftari hilo.

SWALI: Mdogo wangu ameacha heroini, arosto (mateso ya mwili ya kuacha dawa) imeisha, sasa anasema kikundi cha walioacha dawa hakina maana kwake. Nikimwelewesha, anazidi kukataa. Nimwache tu?

JIBU: Acha kumwelewesha. Mtu anayevutana na hitimisho lako hulazimika kutetea upande wa pili, na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyouamini. Muulize: "Kiu ikija usiku, utafanya nini?" Jibu lolote atakalotoa, liendeleze kwa swali jingine, usilisahihishe. Akikaa kimya, mwache akae.

Lipo jambo moja tu la kulisema waziwazi hata akikasirika. Mwili uliokaa bila heroini hupoteza uwezo wake wa kuihimili, na kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumsimamisha pumzi na kumuua. Liseme mara moja tu, siku mmetulia. Uliza pia kwenye kituo chake cha tiba kama mnaweza kupata naloksoni, dawa ya kuokoa aliyezidisha, na wewe ufundishwe kuitumia.