Punguzeni Upotevu Katika Ulinzi, Msipunguze Walinzi

Kampuni nyingi za Dar es Salaam zikianza kaizen, yaani utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo na kuondoa upotevu, jambo la kwanza linalopendekezwa kwa idara ya ulinzi ni kupunguza malindo ya usiku. Mimi nimesimamia usalama wa maghala kandokando ya Barabara ya Nyerere, na naamini huko siko pa kuanzia. Taiichi Ohno wa Toyota alitaja aina saba za upotevu, na mojawapo ni kusubiri. Katika ulinzi, huo ndio unaoua.

Simameni getini asubuhi mtazame. Dereva wa lori anaandika jina na namba ya gari kwenye daftari la wageni, anayarudia mapokezi, kisha anayaandika tena mlangoni mwa ghala, na muda wote huo mlinzi ameinamia daftari huku gari la nyuma likipita bila kukaguliwa. Tulipobakiza daftari moja, mlinzi yule yule alipata nafasi ya kulinganisha lakiri ya kontena na hati za mzigo, kazi ambayo hasa ndiyo aliyoajiriwa kuifanya.

Zito zaidi ni mlolongo wa ruhusa. Mipango mingi ya dharura niliyoisoma inamtaka mlinzi aliyeona moshi ampigie msimamizi wa zamu, naye ampigie meneja, naye mkurugenzi, ndipo Zimamoto wapigiwe 114, ilhali gari lao bado litakabiliana na foleni ya barabarani. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi yeyote akiona kasoro huvuta kamba ya andon, yaani ya kutoa ishara ya tatizo. Msimamizi huja, na tatizo lisipotatuliwa kazi husimama. Mpeni mlinzi mamlaka ya namna hiyo kwa maandishi, na mtamke wazi kwamba hataadhibiwa kwa tahadhari aliyoitoa kwa nia njema. Bila kauli hiyo hakuna atakayethubutu.

Wala msiondoe kila akiba kwa kudhani nayo ni upotevu. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin Seiki, kilichoipatia Toyota karibu valvu zake zote za breki za aina moja, na uzalishaji wa Toyota nchini Japani ukasimama kwa siku kadhaa. Waliouokoa ni wagavi wengine, waliotengeneza valvu hizo kwa mashine walizokuwa nazo. Basi, kabla masika hayajafunga njia ya Jangwani, kubalianeni na jirani mwenye jenereta, mwenye boza la maji na mwenye ghala lililo mwinukoni, na namba zao zibandikwe kwenye kibanda cha mlinzi, si kwenye kompyuta ya meneja.